Waziri Aliyeepua Chungu

Nchi ninayoisimulia haipo, msijisumbue kuitafuta. Haipakani na kwenu, na viongozi wake hamjawahi kuwaona kwenye runinga. Kwenu serikali ikitaka kutunga sheria huja kwanza kuwauliza, hilo nalijua, ndiyo maana mnanawiri. Mimi nilikuwa naishi huko kusikokuwapo. Msiniulize nilifikaje.

Nchi hiyo ilikuwa na wizara ya kila kitu. Kulikuwa na Wizara ya Maji Yanayokuja, kulikuwa na Wizara ya Barabara Zilizoahidiwa, na kulikuwa na Wizara ya Hewa na Vyote Vinavyopaa. Hii ya mwisho ilikaa miaka mingi bila kazi, kwa sababu hewa ilikuwa ikija yenyewe bila kuomba kibali.

Sasa siku moja Waziri wa Hewa alipita kijijini kwetu na msafara, kampakia mgeni kutoka ng'ambo. Ilikuwa jioni, wanawake tuko mekoni. Yaliyosemwa ndani ya gari tuliletewa na dereva, maana dereva ana masikio hata kama hana cheo. Mgeni alichungulia, akaona moshi umetanda juu ya mapaa, akauliza kama kijiji kinaungua.

Waziri akamgeukia katibu wake. "Kule kuna nini?"

"Wananchi wanapika, Mheshimiwa."

"Wote?"

"Wote, Mheshimiwa. Na kesho watapika tena."

Waziri aliona aibu, akapandisha kioo.

*

Haukupita muda tukaitwa mkutanoni. Waziri alikuja na kipaza sauti, na jukwaa lake mwenyewe, na kivuli chake mwenyewe cha turubai. Sisi jua tulikuwa nalo la kutosha.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Mapafu ya taifa yako hatarini! Moshi wa kuni ni adui! Unamuua mama mekoni, unamuua mtoto mgongoni mwa mama! Kuanzia leo, mimi na moshi hatuamkiani!"

Hapo kwenye mama na mtoto alisema kweli tupu, nami nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Nilikuwa na sababu. Kando yangu alikaa Nyamizi, mke wa mwanangu Masudi. Masudi yuko machimboni, kaniachia mkewe nimtunze. Huyo Nyamizi kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango wa ghala. Moshi wa kuni ulimwingia tangu utoto, akipika kwa mama yake, akaja akapika kwangu, na sasa kulimaliza neno refu kulikuwa ni safari. Alikuwa akianza kusema, "Mama, chumvi ime..." basi, anashika ukuta, ananyanyua mabega, nami namalizia mwenyewe kwamba imekwisha.

Nikanyoosha mkono. Kwa umri, Waziri ndiye aliyepaswa kuniamkia. Nikamngoja, hakuniamkia, nikauliza hivyo hivyo.

"Baba, tumekubali moshi unaua. Sasa tupikie nini?"

"Swali zuri sana!" akasema. "Serikali imelichukua." Akamwashiria katibu, katibu akalichukua, akalitia mkobani. Sijaliona tena mpaka leo.

Kwa kuuliza vizuri nikapewa zawadi, mtungi wa gesi unaong'aa kama shilingi mpya. Nikapigwa picha nimeukumbatia. Nikapigwa nyingine Waziri ameukumbatia, mimi nimeushika kitako. Picha zilipokwisha, vijana wawili wakaunyanyua wakaurudisha garini.

"Wanangu, mnaupeleka wapi?"

"Bibi, huu ni Mtungi wa Uzinduzi. Kesho unazinduliwa wilaya ya pili."

"Una gesi ndani?"

Wakacheka kwa huruma. "Ukiwa na gesi, bibi, tutaubeba vipi kila siku?"

Sheria yenyewe ilisomwa mwishoni, watu wakiwa wameshasimama. Ilisema hivi: moshi ni kitu chochote cha kijivu ambacho kiongozi aliye barabarani anakiona juu ya paa la mwananchi. Kisichoonekana si moshi.

*

Tukaletewa Bwana Hewa, kama vile wengine wanavyoletewa Bwana Shamba. Aliitwa Kanuti, kijana wa kijiji cha pili tu hapo ng'ambo ya mto, mama yake tunamjua. Walimpa kiti, darubini, filimbi, na kopo la rangi nyekundu. Akaketi kando ya barabara kuu akitazama mapaa yetu. Akiona moshi anapuliza filimbi, anakuja mbio, anachora X ukutani. Kila mtu anajua maana ya X: jiko hili litavunjwa.

Basi tufanye nini? Tuliziba. Majiko yetu yalikuwa na uwazi kati ya ukuta na paa, moshi ukipita hapo. Tukauziba kwa udongo, kwa magunia, kwa makanga yaliyochakaa. Madirisha tukayaziba, na mlango ukafungwa tangu kuwasha moto hadi chakula kuiva. Mafiga yalikuwa matatu yale yale, na kuni zile zile. Hewa ya barabarani ikawa safi, Kanuti akapata usingizi kitini.

Kijiji kikatunukiwa Ngao ya Hewa. Ilitundikwa juu ya mlango wa jiko la jirani yangu Bi Siwatu, kwa kuwa lake ndilo lililozibwa kuliko yote, halitoki hata inzi.

"Hongera, shoga," nikamwambia.

"Ahsante, mwenzangu. Tangu nipewe ngao hii sijamwona mume wangu uso. Anakuja kuota moto, nasikia kikohozi, najua yupo."

"Na ndoa?"

"Imetulia! Nani agombane na asiyemwona?"

Tulicheka, lakini Nyamizi hakucheka. Kucheka kulihitaji pumzi. Siku moja nilimkuta amelala kifudifudi sakafuni, mdomo ameuweka kwenye ufa wa mlango, anavuta hewa ya nje kama anayenyonya muwa. Tukambeba kwa machela mpaka zahanati. Muuguzi alimsikiliza kifua, akanivuta kando.

"Bibi, ni moshi huu. Akiendelea kuuvuta hivi, hatauvuka msimu wa mvua."

"Dawa ipi?"

"Dawa ni hewa. Sisi hapa hatunayo, imehamishiwa wizarani."

Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira. Watu wananisifia uvumilivu. Ni kweli mimi huvumilia mvua ikichelewa, na mume nilimvumilia mpaka akafa. Lakini mtoto wa watu kaletwa kwangu mzima, anywe hewa kwenye ufa wa mlango?

*

Niliyabomoa mafiga yangu mwenyewe. Nikakanda udongo wa kichuguu na majani makavu, nikajenga jiko la kufunikwa, matundu mawili ya vyungu juu, mdomo mdogo wa kuni mbele. Nyuma yake nikapandisha dohani la matofali mpaka likatoboa paa. Mambo haya si siri, kina mama wa kikundi chetu walishayafundishwa zamani, ni kwamba waliogopa darubini. Kuni nikazikausha, nikazipasua vijiti. Moto ukashika, ukavuma, moshi ukaufuata mlango wake na kwenda zake. Ndani ya jiko ungeweza kuchambua mchele.

Nyamizi akaingia polepole kama anayeingia nyumba ya watu. Akaketi kwenye kigoda. Akanusa. "Mama," akasema, "kumbe kisamvu kina harufu." Neno zima. Nikageuka nikajidai natafuta mwiko.

Filimbi ikalia saa hiyo hiyo. Kanuti alikuja anahema, kopo mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakohoa kidogo. Bibi, umejenga kiwanda!"

"Nimejenga jiko."

"Hicho kinachotoka juu ni nini?"

"Kiuzi tu, Kanuti. Ukikonyeza jicho kimepita."

"Mimi sikonyezi, nina darubini. Bibi, wenzako wote hawana moshi!"

"Wenzangu wote wanao. Wameumeza."

Akaangalia chini. Si mtoto mbaya. Akachora X, tena akaichora ndogo, kwa adabu. "Kikosi cha Kuvunja kitakuja Jumatano," akasema. "Na Waziri. Itakuwa Uzinduzi wa Kitaifa wa Kuvunja Madohani."

"Yako mangapi nchini?"

"Hili lako, bibi."

*

Sasa huko kusikokuwapo kulikuwa na jambo moja ambalo halikuandikwa popote, kwa hiyo wizara haikulijua. Chungu kilichoinjikwa hakiepuliwi na asiyekiinjika. Mwenye ugomvi na wewe atakaa uani angoje kiive, kisha mgombane. Maana ukiepua chungu cha mwenzio umewarithi walaji wake. Wote waliokuwa wale chungu kile wanakuwa wako wewe, mpaka uwapikie kwa mkono wako mwenyewe, washibe, waseme wameshiba. Usipowapikia, hakuna safari yako itakayofika.

Bi Siwatu ndiye aliyekuja na wazo. "Jumatano utapika nini?"

"Mchicha."

"Mchicha unaiva upesi, wewe! Pika makongoro."

Makongoro ya ng'ombe mzee, kama hamyajui, yanaweza kuanza kuchemka mtoto akiwa anatambaa. Tukatafuta chungu kikubwa kile cha misiba. Kila nyumba ikaleta chake: huyu kwato, huyu konzi ya maharage, huyu kitunguu, yule asiye na kitu akaleta maji. Ikawa hakuna mtu kijijini asiye mlaji wa chungu kile. Kusudi letu lilikuwa moja tu, kikosi kingoje mpaka kichoke. Zaidi ya hapo hatukuwaza lolote, naapa.

Kikosi kikaja na nyundo. Kijana wa kwanza alichungulia jikoni, akarudi kinyumenyume.

"Afande, chungu kiko motoni."

"Kina nini?"

"Makongoro, afande."

"Mungu wangu." Mkubwa wao akavua kofia akaketi. Nao walikuwa watoto wa huko huko, wamezaliwa na mama. Tukawapa vigoda. Nyamizi akachochea kidogo, chungu kikanguruma kwa starehe.

Jua lilipokuwa utosini akafika Waziri na bendi ya matarumbeta na waandishi wa habari. Akakuta nyundo zimelazwa na vijana wanasinzia kivulini.

"Mbona dohani limesimama?"

"Chungu, Mheshimiwa," akasema mkubwa wa kikosi.

"Chungu kimefanya nini?"

"Hakijaiva."

Waziri akawageukia waandishi. "Andikeni! Taifa hili haliwezi kusubiri makongoro!" Akavua koti, akalikunja, akaingia jikoni.

Nilitaka kumwonya. Kweli nilitaka. Nilifungua mdomo kabisa, Bi Siwatu akanikanyaga mguu.

Waziri akakishika chungu kwa koti, akakinyanyua, akakitua uani kwa kishindo. Akapuliza vidole, akangoja makofi.

Bendi ilishusha matarumbeta. Kanuti alijishika kichwa. Kisha Bi Siwatu akaachia kigelegele ambacho nadhani ng'ambo ya mto walikisikia. "Baba kapatikana! Jamani, tumepata baba!"

Watu wakamiminika na sahani. Watoto, wazee, wajane, na wale watatu wa nyumba ya chini ambao hata kwenye kura hawatoki. Wakamzunguka Waziri wakaketi. Mzee mmoja kipofu akamshika suruali akamuuliza kwa upole, "Baba, leo tunakula nini?"

"Hawa wanataka nini?" akafoka Waziri.

Kanuti akamnong'oneza. Nilimwona Waziri akicheka, kisha akitukana mila, kisha akisema kwa sauti, "Upuuzi! Washa gari!"

Dereva akachomoa ufunguo akauweka juu ya boneti, taratibu, kama anayerudisha mahari. "Mheshimiwa, nisamehe. Nina watoto. Gari lililobeba mtu aliyekimbia walaji halifiki."

"Askari!"

Askari wakatazama mawingu.

"Nitaendesha mwenyewe!"

"Unajua, Mheshimiwa?" akauliza dereva, bila ubaya.

Waziri akafikiri. Hakuwa ameshika usukani tangu ateuliwe. "Haya," akasema, "nipeni unga. Nipike haraka, niondoke." Akageuka kuingia jikoni kwangu.

Nikasimama mlangoni. Mimi si mrefu, lakini mlango nao si mpana.

"Hapana, baba. Hili lina X. Ni haramu. Siwezi kukuacha uvunje sheria mbele ya waandishi, jina lako litachafuka."

"Sasa nipike wapi?"

"Kwenye Ngao," wakaitikia wanawake wote.

*

Bi Siwatu alimfungulia mlango kwa heshima zote, akamkabidhi mwiko. "Mafiga hayo hapo, kuni ni mbichi kidogo, utapuliza. Na mlango nafunga, Mheshimiwa. Barabara iko hapo tu, usije ukaonekana."

Akaufunga. Akakaa chini, mgongo kauegemeza mlango, akaanza kusuka ukili.

Kwanza tulisikia kupuliza. Kisha kikohozi kimoja, cha heshima, kama cha mtu anayeanza hotuba. Kisha vingi, visivyo na heshima.

"Fungueni!"

"Maji yamechemka?" akauliza Bi Siwatu.

"Fungua, mama! Sioni!"

"Ni wewe tu usiyeona, Mheshimiwa? Sisi tunaona kwa kupapasa. Unga uko kulia kwako."

"Nakufa!"

Hapo Nyamizi akasogea, akauwekea mlango mdomo. Hakupandisha sauti. "Lala chini, baba. Weka mdomo kwenye ufa. Mimi ndivyo nilivyokuwa nafanya."

 Bi Siwatu aliuacha ukili. Nikamwambia, basi, mfungulie, mtu ni mtu. Lakini kabla hajanyanyuka, magunia ya upenuni yakatumbuka, kikatoka kichwa, yakatoka mabega, akatoka Waziri mzima akaangukia kwenye majivu. Nyuma yake ukatoka moshi wote wa sheria, mweusi, mzito, ukapanda juu ya kijiji mpaka jua likapungua.

Kanuti, mazoea yana taabu, akapuliza filimbi. Akachovya brashi. Akatafuta mwenye moshi ni nani, akamwona, akairudisha brashi koponi.

Lakini walaji walikuwa bado hawajala. Mzee kipofu akauliza tena. Basi nikamnawisha Waziri uso, nikamkalisha kwenye kigoda changu, mbele ya dohani langu, akasonga ugali. Nyamizi akamwelekeza, "Punguza kuni, baba. Usizijaze mdomoni." Waziri hakukohoa tena. Alitazama huku na huku akitafuta moshi ulikokwenda, wala hakuuliza. Kuuliza kungekuwa kulitoa swali langu mkobani.

Ugali wenyewe ulikuwa na mabuja kama hotuba. Tuliula na makongoro, ambayo kwa muujiza yalikuwa yameshaiva. Tukasema tumeshiba. Wengine walisema kwa huruma.

Mkubwa wa kikosi akaniuliza kando kama nyundo zianze. Kisha akajijibu mwenyewe. "Haiwezekani. Jiko hili sasa amepikia Waziri, ni mali ya serikali. Mpaka kibali."

*

Msidhani sheria ilibadilika. Magazeti yaliandika kwamba Waziri alipika na wananchi, akatokwa na machozi ya upendo. Ngao ilibaki. X zilibaki.

Ila wanawake hawakubaki. Bi Siwatu alikuwa wa kwanza kubomoa mafiga, halafu nyumba ya chini, halafu juu mpaka msikitini. Walikanda udongo mchana kweupe, wakiimba, darubini ikitazama. Kila dohani likipanda, tunachora X wenyewe ukutani kwa udongo mwekundu, tumpunguzie Kanuti kazi. Ikawa mgeni akifika kijijini akaona X, anajua hapo ataingia jikoni na kutoka na macho yake. Kanuti naye aliomba ruhusa ya siku chache. Tukasikia yuko ng'ambo ya mto, anamjengea mama yake.

Wizara ikatuma watu, wakaona viuzi vimepanda kila paa. Wakakaa vikao. Wakasoma upya sheria, kwamba moshi ni ule unaoonekana kutoka barabarani. Kuvunja hawakuthubutu tena, vyungu vilikuwa vingi mno. Wakaamua kuihamisha barabara. Matrekta yakaja, yakachonga barabara mpya nyuma ya kilima, na siku ya kuifunga ile ya zamani Waziri akapita mara ya mwisho na msafara wake, vioo juu.

Nyamizi alikuwa shambani, jembe begani. Akashuka mbio mpaka kando ya barabara, nami nyuma yake namwita, "Usikimbie, mwanangu!" Hakunisikia. Akasimama, akajishika kiuno, akaanza:

"Nenda salama Mheshimiwa na barabara yako uihamishe uipeleke nyuma ya kilima na kilima nacho ukikiona kinatoa ukungu asubuhi kihamishe usituulize maana sisi tupo hapa hapa tunapika hapa hapa na dohani hili likianguka tutajenga jingine na la jirani tutajenga na la mama yako tutajenga ukituomba na ukirudi na kikosi utakuta chungu na ukirudi na jeshi utakuta chungu na kila chungu kina walaji wake wanakungoja na mimi niliyetabiriwa sitauvuka msimu wa mvua mvua imekuja imeondoka mimi nipo na mahindi hayo unayoyaona nimepalilia mimi na mkono huu na kifua hiki na sijamaliza..."

Gari la mwisho lilizama kwenye vumbi, naye alikuwa bado anasema.